Trauti na Vijito vya Chemchemi, Kuanzia Mau hadi Elgon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya huwa wa aina tatu: mvuvi wa Kisumu aliyezoea ngege na mbuta na sasa anataka kujaribu trauti, samaki wa maji baridi wa mlimani, mkulima mwenye chemchemi shambani anayeota pesa za samaki, na kijana wa Kericho au Kapsokwony anayetaka kuongoza wageni wavuvi. Majibu hayalingani urefu, maana maswali hayalingani uzito.

Kijito cha chemchemi ni kipi, na kina tofauti gani na mto wa kawaida?

Mto wa kawaida huishi kwa mvua inayotiririka juu ya ardhi. Mvua kubwa ikipiga Mau jioni, kesho asubuhi mto umejaa, umechafuka, unabeba matawi na udongo wa shamba la viazi la mtu. Baada ya siku chache unashuka tena. Kijito cha chemchemi huishi kwa maji yaliyozama ardhini miezi au hata miaka iliyopita, yakapenya nyufa za miamba, yakapata njia na kutokea chini ya kilima. Maji hayo hayana haraka. Hupanda kidogo wakati wa masika, hushuka kidogo wakati wa kiangazi, na siku nyingi za mwaka unaweza kuhesabu kokoto chini yake.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huipita bila kuiona: kingo. Mto wa mafuriko una kingo zilizokatwa wima, udongo mtupu, mizizi inaning'inia. Kwenye kijito cha chemchemi nyasi huota hadi maji yanapoanzia, na mimea ya majini hutia mizizi katikati ya mkondo, kwa kuwa hakuna gharika ya kuing'oa.

Vijito vinavyosifika duniani kwa uvuvi wa trauti ni vya namna hiyo: mito ya Test na Itchen kule Hampshire, Uingereza, inayotoka kwenye miamba ya chaki, na Marekani kuna Silver Creek ya Idaho, Letort ya Pennsylvania, na vijito vya Paradise Valley, Montana. Kuna vingine vinavyotoka kwenye miamba ya volkano, kama Metolius ya Oregon na Fall River ya California. Hivyo vya volkano ndivyo ndugu zetu wa karibu, kwa sababu Mau na Elgon zote ni kazi ya volkano.

Je, hapa kwetu vipo?

Vya sura ya Hampshire, yaani vipana, tambarare, vinavyotambaa kilomita nyingi katikati ya malisho, hapana. Tulivyo navyo ni vifupi. Vingi unavuka kwa hatua moja au mbili, na baada ya mita mia kadhaa vimeshamezwa na mto wa mlimani. Utavikuta vikiingia Kiptiget na Itare upande wa kusini magharibi wa Mau, mito ambayo mwishowe huungana na mingine kuwa Sondu na kumwaga maji Ziwa Victoria. Utavikuta kwenye miteremko ya Elgon na milima ya Cherangani pia.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya wageni havitakuambia. Hapa hatuna theluji ya kuyeyuka. Mvua zikikatika, kuanzia Desemba hadi Februari, maji yote yanayobaki mtoni yametoka ardhini. Kwa hiyo mto uleule uliokuwa wa mafuriko mwezi wa Aprili huwa ni mto wa chemchemi mwezi wa Januari. Ukitaka kujua ni wapi panapovuja maji baridi na ni wapi trauti hujibanza, tembea ukingoni wakati wa kiangazi, mchana, ukiwa na kipimajoto. Mimi humwambia mgeni hivyo kabla sijamwambia habari za mshipi.

Trauti ni samaki wa hapa?

Hapana, aliletwa. Trauti wa kahawia walitoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura katika milima ya Aberdare mwaka 1905, kazi inayohusishwa na mlowezi Ewart Grogan. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Baadaye walisambazwa kwenye mito mingine ya nyanda za juu, na kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga wao kikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1948. Wale wa upande wetu, wa Mau na Elgon, ni matokeo ya usambazaji huo. Wengi utakaowapata ni wa upinde wa mvua.

Chemchemi ya kijijini kwetu Vihiga ina maji baridi hata adhuhuri. Kwa nini trauti asiishi humo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo msingi wa mengine.

Mkono hudanganya. Ukitoka juani kwenye nyuzijoto 29 ukatia mkono kwenye maji ya nyuzi 21, utaapa kwamba ni baridi. Trauti hasikii hivyo. Yeye hustarehe kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Akifika 20 huanza kuhangaika, huacha kula, hutafuta kivuli na maji yanayokimbia. Karibu na 25 hufa.

Sasa, chemchemi haitengenezi baridi. Maji yaliyokaa ardhini hufuata joto la ardhi, na ardhi ya mita kadhaa chini hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa mahali hapo. Chemchemi hufanya kazi ya mtungi wa udongo jikoni: hulinda maji yasipande na kushuka na jua la kila siku. Kule Montana, ambako kiangazi huchoma na majira ya baridi hugandisha mito, wastani wa mwaka ni mdogo, ndiyo maana chemchemi zao ni baridi wakati wa joto na zina uvuguvugu wakati wa theluji. Sisi tuko kwenye ikweta. Wastani wetu hauamuliwi na majira. Unaamuliwa na mwinuko.

Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na wastani wake ni nyuzi kama 23. Ukipanda mita 1,000, unapoteza nyuzi kama 6. Kakamega, mita 1,535, utapata 20 au 21, na Vihiga haiko mbali na hapo. Nakuru mjini, mita 1,850, ni 17 au 18. Molo, karibu mita 2,500, ni kama 14. Kwa hesabu hiyo chemchemi ya Vihiga, hata ingetoa maji mengi namna gani, ni ya ngege na kambare. Chemchemi ya Molo ni ya trauti. Nakuru ni mpakani: maji yakitoka nyuzi 17 asubuhi, mita mia tatu mbele, juani, bila mti, yatakuwa yamepita 20.

Kwa hiyo mtu akinipigia kusema amepata kijito kizuri, swali langu la kwanza ni mwinuko. Mita 2,000 ni mpaka. Kuanzia mita 2,300 kwenda juu tunaweza kuzungumza.

Kuna nafuu moja tu. Maji yakizama juu sana mlimani na kutokea chini haraka, huweza kutoka yakiwa baridi kidogo kuliko mahali yanapotokea. Elgon, ambao kilele chake kinapita mita 4,300, una chemchemi za namna hiyo. Lakini usitegemee nafuu hiyo kabla hujapima.

Na chemchemi za Bonde la Ufa, pale Nakuru na jirani zake?

Nyingi za sakafuni mwa bonde ni za maji moto au vuguvugu, maana chini kuna moto bado. Kekopey, kando ya Ziwa Elementaita, watu huenda kuoga. Eburru wenyeji huvuna mvuke wa ardhini na kuupoza wapate maji ya kunywa. Bogoria yanachemka kabisa. Juu ya hayo, maji ya visima vya bonde huwa na floraidi nyingi, ileile inayotia meno rangi ya kahawia. Achana nayo kama unawaza trauti. Panda kuelekea Mau.

Maji yakiwa baridi, basi yamefaa?

Bado. Kuna hewa.

Maji yanapotoka ardhini mara nyingi huwa na oksijeni kidogo, kwa sababu yamekaa gizani muda mrefu bila kuguswa na upepo. Ndiyo maana pale kwenye jicho la chemchemi, hata kama maji ni mazuri kwa macho, huwa huoni samaki. Wako mbele kidogo, baada ya maji kuporomoka juu ya mawe mara mbili tatu na kuvuta hewa.

Na huku juu hewa yenyewe ni nyepesi. Maji ya nyuzi 14 yakiwa pwani yanaweza kubeba miligramu 10 hivi za oksijeni kwa lita. Maji hayohayo yakiwa mita 2,400 hubeba kama 7 na nusu, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni robo tatu tu ya ule wa baharini. Trauti anataka 7 na zaidi ili awe na raha, na chini ya 5 anateseka. Maana yake sisi hatuna akiba. Mwinuko unatupa baridi kwa mkono mmoja na kutupunguzia hewa kwa mwingine. Kijito cha mlimani kikizibwa kwa magunia ya mchanga ili mtu apate bwawa la kumwagilia kabeji, maji yakasimama, yakapata jua na majani yanayooza, hesabu inavurugika upesi.

Nimesoma kwamba vijito bora hutoka kwenye chokaa. Sisi tuna chokaa?

Tunayo, lakini mahali pasipofaa. Koru, karibu na Muhoroni, ni eneo la mawe ya chokaa na watu huyachimba na kuyachoma miaka nenda miaka rudi. Chokaa hutajirisha maji: mimea ya majini hustawi, konokono na vijidudu vyenye magamba huzaana, na samaki hunenepa. Tatizo ni kwamba Koru iko chini mno, kwenye joto la mashamba ya miwa. Kule trauti anakoweza kuishi, Mau na Elgon, mwamba ni wa volkano na maji yake yana madini machache. Penye baridi hapana chokaa, penye chokaa hapana baridi. Ndiyo maana trauti wetu wengi ni wadogo na hukua polepole kuliko wale wa picha za Uingereza. Si kwamba wameharibika. Meza yao ndiyo ndogo.

Basi wanakula nini?

Usiulize mvuvi, uliza jiwe. Ingia pale maji yanapokimbia, shika jiwe lenye ukubwa wa ngumi, ligeuze polepole na kulielekeza kwenye mwanga. Ngoja sekunde chache, maana mwanzoni huoni kitu. Kisha kitu kitasogea: mdudu bapa, mwenye vimkia virefu nyuma, na ubavuni vijani vidogo vya kupumulia vinavyotikisika bila kukoma. Huyo ni mtoto wa mdudu ambaye akiota mabawa huishi siku moja au mbili tu juu ya maji. Kando yake kuna kitu unachodhani ni uchafu uliogandamana: kijibomba cha punje za mchanga kilichoshonwa kwa nyuzi. Kisogeze kwa kucha na kichwa cheusi kitachungulia. Na kwenye uso wa jiwe unaopigwa na mkondo zaidi kuna viluwiluwi vyeusi vilivyojishika kwa mkia, vikiyumba. Hivyo ni vya usubi.

Ukiwakuta wote watatu, kijito ni kizima. Ukikuta minyoo myekundu na ruba peke yao, rudisha jiwe, kunja mshipi, nenda kwingine.

Usubi una kisa chake upande huu. Miaka ya 1940 na 1950 mito ya Nyanza ilitiwa DDT kuwamaliza usubi waliokuwa wakieneza upofu wa mtoni. Ajabu ni kwamba viluwiluwi vya aina hiyo havikuwa mawe­ni: vilikuwa vimejishika kwenye magamba ya kaa wa mto. Ugonjwa uliisha Kenya. Kaa wa mto bado wapo, na trauti mkubwa huwapenda. Ukimpasua trauti wa Itare ukakuta tumbo lina vipande vigumu vya rangi ya kahawia, ni miguu ya kaa.

Kwa kuwa hatuna majira ya theluji, wadudu hawa hutoka kidogokidogo mwaka mzima. Zile jioni maarufu za Ulaya, ambapo mto mzima hufunikwa na mabawa kwa wiki moja, usizingoje.

Trauti hutaga kwenye vijito vya chemchemi?

Hutaga panapokuwa na changarawe safi. Jike hupiga mkia chini, akachimba kishimo, akataga, dume akatia mbegu, kisha jike akafukia. Mayai hukaa ndani ya changarawe na huhitaji maji yapite kati ya mawe kuyaletea hewa. Kwenye nyuzi 10 hutotoa baada ya siku kama 30. Maji yakiwa 14 au 15, wiki tatu hivi.

Hapo ndipo utulivu wa chemchemi unapogeuka kuwa kasoro. Mto wa mafuriko hujiosha wenyewe kila masika. Kijito cha chemchemi hakina nguvu hiyo. Tope likiingia leo, kutoka barabara mpya au kivuko cha ng'ombe, litakuwepo mwakani, na mwaka wa tatu pia. Mayai yaliyofukiwa chini ya tope hukosa hewa na kufa bila mtu kujua. Utaona samaki wakubwa wachache na hutaona wadogo kabisa, na wanakijiji watasema samaki wamevuliwa wakaisha. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni tope.

Ni nini kinachoua vijito hivi zaidi?

Watu husubiri niseme viwanda. Huku juu, mbele ya viwanda naweka mambo matatu ya kawaida kabisa.

Kwanza ni dawa ya kupe. Dawa nyingi zinazotumika leo ni za jamii ya pairethroidi, ndugu wa kutengenezwa wa pareto ileile iliyoipa Molo jina. Kwa ng'ombe ni salama, kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana. Josho likifunguliwa likamwagwa kwenye mtaro unaoshuka mtoni, au mtu akimaliza kupulizia ng'ombe wake akaenda kuoshea pampu kijitoni kwa sababu maji yako karibu, wadudu wote wa kipande hicho hufa kabla jua halijatua. Samaki wasipokufa kwa sumu watakufa kwa njaa. Niliwahi kufuata kijito kilichokuwa kimekufa hivyo: kuanzia mahali fulani kwenda chini kila jiwe lilikuwa tupu, na hatua chache juu yake mawe yamejaa uhai. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Aliosha pampu tu. Kuoshea pampu shambani, mbali na maji, hakugharimu hata shilingi.

Pili ni kwato. Ng'ombe akinywa kwenye jicho la chemchemi hulikanyaga mpaka linakuwa matope, na jicho likishaziba maji hutafuta njia nyingine au hupungua. Dawa ni ua na bomba: zungushia jicho, toa maji kwa bomba hadi kwenye hori nje ya ua. Wakulima wa Kakamega na Vihiga wamejengea chemchemi zao namna hiyo kwa ajili ya maji ya kunywa. Huku Mau tungewaiga.

Tatu ni mikaratusi. Hukua haraka, inauzika kwa nguzo na kuni, na hunywa maji mengi. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye chemchemi na sehemu oevu. Wengine waling'oa, wengine walikata ikachipua tena. Mimi simlaumu mtu kwa kupanda mkaratusi kileleni mwa shamba lake. Kando ya jicho la maji ni jambo jingine. Hapo panafaa mianzi, mikuyu na mizambarau ya mwituni, ambayo pia hutia kivuli, na kivuli kwa kijito cha mita 2,000 kinaweza kuwa ndicho kinachotenganisha nyuzi 17 na nyuzi 20. Kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 uachwe kando ya mto, kutegemea upana wake. Ukanda huo ukifuatwa tu, nusu ya maswali haya yangekoma.

Nina chemchemi shambani Molo. Naweza kumwaga vifaranga vya trauti kwenye kijito?

Kwenye kijito, usifanye. Kwanza kisheria unahitaji idhini. Uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla hujanunua kifaranga hata kimoja. Pili, trauti ni mla nyama. Akiingia kijito kisichowahi kumwona, huwamaliza samaki wadogo wa kiasili na viluwiluwi vya vyura. Mito yetu ina wenyewe: huko chini ya Sondu na Nzoia kuna ningu na fuani, waliokuwepo kabla ya reli, na wanabanwa vya kutosha tayari. Mahali trauti alipokwisha kukaa miaka mingi, mvue. Mahali hayupo, mwache asiwepo.

Bwawa la kando ni habari nyingine, maadamu maji yanaingia kwa bomba na kutoka kupitia wavu mdogo. Hata hapo zungumza na wa chini yako. Maji unayoyatumia yana mama anayeyachota.

Nitapimaje mwenyewe bila vifaa vya gharama?

Unahitaji kipimajoto, uzi, mtungi wa lita 20 na saa ya simu. Funga kipimajoto kwa uzi, kizamishe kwenye jicho la chemchemi kivulini kwa dakika tatu, usome kikiwa bado majini. Fanya hivyo alfajiri na tena saa tisa alasiri. Namba zikilingana au kutofautiana kwa nyuzi moja, hiyo ni chemchemi ya kweli. Zikitofautiana kwa nyuzi tano, unachopima ni maji ya juu juu yanayojificha kwenye nyasi. Kisha shuka, pima kila baada ya mita mia, na utaona mahali maji yanapopoteza baridi yake. Mara nyingi ni pale mti wa mwisho ulipokatwa.

Kwa wingi wa maji, elekeza yote kwenye mtungi kwa bomba au gome la mgomba. Ukijaa kwa sekunde 10, una lita 2 kwa sekunde. Pima Februari. Kipimo cha Mei kimewafilisi wengi.

Kwa nini trauti wa vijito hivi hunikimbia kabla sijatupa mshipi?

Kwa sababu maji ni angavu na wewe umesimama. Samaki huona nje ya maji kupitia duara lililo juu ya kichwa chake, na kadiri kitu kilivyo chini karibu na ardhi ndivyo kinavyompotea. Chuchumaa. Kaa nyuma ya ukingo, mtokee kutoka nyuma yake, yaani ukipanda kuelekea maji yanakotoka, maana trauti huelekeza kichwa kwenye mkondo. Usivae shati jeupe. Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe; mtikisiko humfikia kabla yako.

Nzi wa bandia, yaani chambo kinachoigiza mdudu, awe mdogo, ndoano namba 16 hadi 20, na kipande cha mwisho cha mshipi kiwe kirefu na chembamba. Mto wa matope humlazimisha samaki aamue upesi. Kijito cha chemchemi humpa muda wa kukagua, na nzi anayeburutwa na mshipi dhidi ya mkondo hamdanganyi. Mwache aelee atakavyo. Mvuvi wa ziwani huona jambo hili gumu kuliko yote, kwa sababu mazoea yake ni kuvuta.

Saa na miezi gani ni bora?

Januari na Februari maji ni safi kabisa, samaki wako wengi kwenye vina vichache, lakini wana woga. Mwanzo wa masika huwa bora kwenye midomo ya vijito: mto mkuu umechafuka, chemchemi bado ni safi, na trauti hukaa pale maji mawili yanapokutana. Asubuhi kabla ya saa nne, au alasiri kukiwa na mawingu. Kericho na Mau mvua ya alasiri ni ya kawaida, kwa hiyo chukua koti na utoke bondeni radi zikianza. Ufito mrefu wa kaboni na radi havipatani.

Vibali?

Leseni ya uvuvi wa burudani kutoka mamlaka ya uvuvi. Ukiingia msitu wa serikali, ruhusa ya wasimamizi wa misitu. Ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon, shirika la wanyamapori, KWS. Penye shamba la mtu au la chai, mwenyewe. Elgon na kusini magharibi mwa Mau kuna tembo na nyati, kwa hiyo askari au mwenyeji anayeijua njia si anasa.

Nikimshika, nimrudishe au nimle?

Kwenye kijito cha hatua mbili upana, rudisha wakubwa wanaotaga, kula mmoja wa wastani kama una njaa. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu humwondoa ute unaomkinga. Mshike majini akiangalia mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Na kipimajoto kikisoma 19 au zaidi, pakia vitu vyako: samaki aliyepigana kwenye maji hayo anaweza kuogelea akaondoka mbele ya macho yako na kufa jioni.